Kanga Kwenye Mikono ya Mama Mkwe

Mpaka leo nikipita nje ya ile hospitali najifunika uso, ingawa mama mkwe ananiambia nipite tu, watu wana mambo yao.

Alilazwa kwa wagonjwa mahututi, kifua kimembana, na mimi ndiye niliyemuuguza, maana mwanawe, mume wangu, tulimzika kabla ya mavuno (alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu huko upande wa Bulyanhulu, kifua kikamshinda), kwa hiyo huyu mama ndiye niliyebaki naye. Nesi akapita akasema daktari anakuja kutoa damu kwenye kifundo cha mkono, pale mshipa unapodunda, apime hewa iliyomo. Mume wangu walimchoma pale pale kifundoni asubuhi, jioni akatutoka.

Basi nesi alipogeuka nikachana kanga yangu, nikamfunga mama vifundo vyote viwili (najua daktari akikosa wa kulia atahamia wa kushoto), na daktari alipofika nikasema mama aliteleza uani, akateguka. Yule kijana akasikitika, akamwita mtaalamu wa mifupa, naye akaja na toroli la plasta, na ndugu waliotoka Kambarage kumwona mgonjwa wakaanza kunisema mbele ya wodi nzima kwa kuwaficha kwamba mama ameteguka. Kanga ikafunguliwa, mikono mizima kabisa, na hapo mama akafumbua macho.

"Mama Kulwa, umenifunga kama kuku wa mnadani?"

Walicheka wote, hata yule wa mifupa. Mimi nikalia, nikasema ukweli.

Daktari akavuta kiti. Akanieleza kwamba sindano haikumuua mume wangu, ila watu huchomwa pale wakiwa wameshazidiwa. Kisha akasema kwa mama kifaa cha kidoleni kinasoma oksijeni vizuri, kwa hiyo damu ya mshipa wa kawaida, ya mkunjo wa kiwiko, itatosha kuonyesha kiasi cha asidi kwenye damu. Ya kifundo ataitaka hali ikibadilika.

"Ungeniuliza tu, mama," akaniambia.

Kesho yake hali ikabadilika kweli, daktari akaitaka ya kifundo. Nikamshika mama mkono mwenyewe achomwe, halafu nikakaa naiogopa jioni. Jioni ikafika, mama akaomba uji.

Sasa tuko nyumbani Ngokolo. Kipande cha kanga kilichobaki anajifunga kichwani, na kila mgeni anasimuliwa kilipotoka. Mimi nimeapa: nikiogopa, nitauliza kwanza, kanga baadaye.