Kichujio cha Dada Rukia

Harufu ya gundi ya mabomba ya plastiki ilijaa sebuleni kwetu Shella, Malindi, kiangazi chote kile, ikaushinda hata udi ambao mama aliufukiza makusudi ili kuifukuza. Aliyeileta ni dada yangu Rukia, aliyezaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaouma mifupani kiasi cha kumliza hata mtu mzima. Siku nyingi hakuweza kwenda shule. Baba alikuwa mtunza bustani katika nyumba moja ya wageni, na ilipofungwa, mwenye nyumba alimwachia tangi kubwa la kioo pamoja na samaki wake, wa buluu na wa manjano, jamaa za perege kutoka Ziwa Nyasa. Baba aliwaleta kwa ajili ya Rukia, apate cha kutazama akiwa amelala. Hakujua kwamba mwanawe hakuwa mtu wa kutazama tu.

Kichujio kilichokuja na tangi kilikuwa kimeharibika, na baada ya muda maji yakaanza kufanya ukungu, samaki wakapanda juu kuhema. Rukia akamwomba baba kasha la plastiki la barafu, lile wanalotumia wauza samaki, lililopasuka kifuniko. Akaligawa ndani kwa vipande vya kioo, likawa na vyumba vitatu, kisha likawekwa sakafuni chini ya meza ya tangi. Maji machafu yangeteremka kwa bomba kutoka juu, yapite kwenye sponji za godoro kuukuu, halafu katikati ya vipande vya matumbawe nilivyomwokotea ufukweni, na mwisho pampu ndogo iyarudishe juu yakiwa safi. Nilidhani kazi yake ni kuzuia kinyesi. "Kinyesi si neno," aliniambia, akipangusa gundi vidoleni. "Kuna sumu isiyoonekana, hiyo ndiyo inayowaua. Lakini kuna vijidudu vinaila. Sisi tunavijengea nyumba, Maryamu. Kisha tunangoja vihamie."

Siku ya kwanza kilifanya kazi vizuri mpaka umeme ulipokatika. Pampu iliponyamaza, maji ya juu yakaanza kurudi kinyumenyume kupitia bomba la kupandishia, kasha likajaa, likafurika, na mkeka wa mama ukaelea. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Rukia! Wataka kutuzamisha?" Mimi nilikuwa tayari kulia, lakini dada alikaa kwenye kiti na miguu majini, akilikodolea macho bomba lile. Kesho yake alipasha msumari kwenye jiko la makaa akalitoboa lile bomba tundu dogo, chini kidogo tu ya uso wa maji. Akatuita sote, mama akiwa na matambara na baba na ndoo, kisha akachomoa waya. Maji yakashuka, yakalifikia tundu, bomba likafyonza hewa kwa mlio kama wa mtu anayekunywa chai ya moto, na yote yakasimama. Mama alisahau hasira zake akapiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Masika yalipoanza, samaki mmoja wa manjano aliacha kula, na taya lake likavimba. Rukia alifurahi mno. Akanieleza kwamba yule jike amebeba mayai kinywani na angekaa na njaa mpaka watoto watoke. Siku hiyo hiyo alifunga kipande cha soksi nyembamba kwenye mdomo wa bomba la kuteremshia, ili vitoto visije vikavutwa chini. Kabla havijatoka, baridi ya mvua ikamshika Rukia. Maumivu yalianzia mapajani yakapanda kifuani, na asubuhi baba na mama walimpakia kwenye gari la jirani kumpeleka hospitali, Kilifi. Mama alibaki naye huko, baba akarudi kukaa nami.

Kisha upepo ukaangusha nguzo, mtaa mzima ukakosa umeme. Rukia alinipigia kwa simu ya mama, sauti yake ikiwa nyembamba. "Sponji zisikauke, mdogo wangu. Teka chini, mwaga juu, usichoke." Mimi na baba tukapokezana bakuli, tukiteka na kumwaga mpaka mikono ikafa ganzi. Umeme uliporudi, samaki wote walikuwa wazima. Nilikuwa nikiruka kwa furaha wakati simu ya baba ilipolia. Alisikiliza, kisha akakaa chini pale pale, kwenye sakafu yenye maji. "Inna lillahi," alisema, na nikajua.

Waliporudi kutoka makaburini nyumba ilijaa watu. Shangazi mmoja, kwa nia njema, alitaka kuizima pampu kwa sababu ngurumo yake iliingilia kisomo. Mama akamshika mkono. "Iacheni. Ni kazi ya mwanangu." Siku chache baadaye yule jike alifungua kinywa, vitoto vikatoka kama punje za mchele zenye macho, vikacheza mbele ya ile soksi bila kuvutwa. Nikakimbia hadi mlango wa chumba cha kulala nikiita, "Dada! Dada, njoo uone!" Mama alikuwa ameketi kwenye kile kitanda kitupu. Alinyanyuka, akanishika bega, tukaenda kuvitazama sisi wawili.

Leo vichujio vinauzwa dukani vikiwa tayari, na mtoto wa jirani yangu mwenye ugonjwa ule ule anameza dawa zake kila siku, anahudhuria kliniki, na jioni namsikia akipiga mpira ukutani kwangu. Namwombea heri, kisha naingia ndani kidogo mpaka kifua kitulie. Binti yangu mwenyewe amekua. Akiitazama picha ya dada iliyoko ukutani humwita mama mkubwa, kama nilivyomfunza, nami sina jina jingine la kumpa, ingawa mwaka huu binti amempita umri.