Manju Aliyejiita Fugwe

Jilala wa Igunga, fundi pikipiki na manju wa ngoma kila mavuno yakiisha, alizaliwa akilia kwa mahadhi. Ndivyo anavyosimulia mwenyewe. Mama yake anasema alilia kama mbuzi tu.

Mwaka huu alipangiwa Lugembe wa kijiji jirani. Sheria ni ile ile: manju wawili, uwanja mmoja, wanatupiana kejeli za kuimba, na mwenye duara kubwa la watazamaji ndiye mshindi. Jilala alishabwagwa mwaka jana. Akibwagwa tena, kikundi kitampa umanju shemeji yake Fikiri, mtu anayeimba kwa pua.

Basi akajinoa. Redioni akasikia habari za minde, swala mdogo wa misitu ya milima ya mashariki: mweusi, mwoga, ashinda vichakani, na waliobaki ni wa kutafuta kwa tochi.

"Lugembe mtupu huyu!" akapiga paja. Na yeye je? Yeye ni fugwe, ule ukungu unaovamia mtama na kugeuza masuke vumbi jeusi.

Mkewe Elieth akasita, mwiko mkononi. "Baba Silasi, fugwe?"

"Linaenea, mama! Linaenea!"

"Hata upele unaenea."

Siku ikafika. Jilala akapasua koo: Lugembe ni minde, mtazameni leo, kesho hayupo!

Watu wa Igunga wana huruma, ila umbea wao umeizidi.

"Kumbe anaisha?" bibi mmoja akashtuka. "Ngoja nikamwone mapema." Akaondoka, na wenzake nyuma yake.

Duara likapwaya. Jilala akapandisha sauti: "Mimi ni fugwe! Nikiingia shambani kwako, huvuni!"

Hapo ndipo alipojimaliza. Waliobaki wote walikuwa wakulima wa mtama.

"Mtani, fugwe sisi tunaling'oa tukalichoma," mzee mmoja akamwambia, akabeba kigoda chake. Wapiga ngoma nao wakafuata, na ngoma zao.

Akabaki Elieth, kajishika mbavu kwa kicheko.

"Nawe nenda basi," Jilala akanuna.

"Niende wapi? Mimi nimeshaambukizwa."

Pembeni Fikiri alikuwa anapasha pua. Jilala akavua kilemba chake cha manyoya, akamvika. Kisha akamshika mkewe mkono, wakaanza kupenya kwenye umati wa Lugembe, upande wa pili.

"Jamani, tusogeeni kidogo," akaomba. "Na mimi sijamwona."