Kikombe Kilichowekwa Kando

Kwa bibi yangu Mkokotoni palikuwa na mtungi mmoja na kata moja. Mvuvi akipita na kiu, anachota. Na sisi watoto na makamasi yetu, tunachota. Kata yenyewe ya kifuu, ukingo umelainika kwa midomo ya watu. Siku ilipopasuka bibi alivikalia vipande vyake mpaka adhuhuri, utadhani kafiwa. Sijui kwa nini nnaanza huko. Skuli nilikwenda kidogo, nnaandika kama nnavyosema, na mie nikisema huzunguka.

Nilitaka habari ya vikombe vya kahawa, barazani kwetu Malindi, hapa mjini Unguja. Vikombe vichache, watu wengi. Ukimaliza, muuza kahawa anakisuuza ndooni, anampa mwenzako. Ndivyo tulivyo.

Rafiki yangu seremala, aliyefiwa na mkewe, akija kutoka Chukwani kila baada ya alasiri. "Nyumbani kila mtu na simu yake," akisema. "Hapa ndo nnapozungumza."

Siku moja akaja shavu limetuna.

"Umeficha goroli, sheikh?" mmoja akamchokoza.

"Kaota embe huyo!"

Akacheka kwa upande mmoja. Akanifunulia mdomo juani: ndani ya shavu kijinundu kama punje ya mbaazi, na ubavuni mwake kidonda cheupe.

Hospitali wakamwambia si kitu kikubwa, jino lililovunjika linamkwaruza kila akitafuna. Wakalisawazisha. Asukutue maji ya chumvi ya vuguvugu, aache tambuu, asinywe cha moto, kisipopona arudi. Alitueleza mwenyewe, kwa furaha. Lakini utani ukapungua. Mmoja akakichungulia kikombe kabla ya kukipokea. Mwingine, ati leo kahawa haitaki. Rafiki yangu aliona. Mwenye kidonda kinywani ulimi wake uko kidondani, macho yake kwa watu.

Sasa muuza kahawa, maskini, alishika neno moja tu: asinywe cha moto. Kesho yake akammiminia mapema, akakiweka kikombe peke yake ukingoni mwa baraza, kahawa ipoe, na kitambaa juu kwa ajili ya nzi. Hisani yake hiyo. Hili tulikwenda kumweleza rafiki yangu baadaye, huko huko kwake Chukwani. Kidonda kimeshapona, hata alama hakuna. Akasikiliza, akasema, "Naam, nshafahamu." Basi.

Lakini siku yenyewe alifika, akatoa salamu, akanyoosha mkono apokee kama wote.

"Chako kile pale, mzee," muuza kahawa akamwambia.

Akakitazama kikombe na kitambaa chake. Sisi kila mtu na chake mkononi. Akaiweka sawa kofia yake.

"Unakwenda wapi, bwana?" nikamuuliza.

"Nnakuja."

Akashika njia ya sokoni, polepole, hakugeuka. Hakurudi tena.