Ncha ya Shafti

Fundi wetu wa hapa Buseresere haachi kazi kwa ajili ya mtu. Shikamoo yake huitoa akiwa uvunguni mwa gari, vidole vya miguu vikichezacheza nje, nami huiitikia hiyo miguu. Kila spana huifuta kabla ya kuishika na baada ya kuitumia, kama mama anavyomfuta mtoto kamasi. Mwanangu Enock aliuza ng'ombe wetu wote, akanunua pikapu ya kupeleka mawe ya dhahabu kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Giaboksi yake ya otomatiki ikafa. Fundi akaleta ya klachi, akaisukuma kwenye injini ile ile, ikagoma kuingia. Akachomeka kidole kwenye tundu la mwisho wa kranki, mhimili wa injini, akakiacha humo kitambo.

"Injini za otomatiki, kiwandani hawalichongi tundu hili, mayu. Ncha ya shafti ya giaboksi haina pa kukaa."

"Basi ipelekwe Mwanza ikachongwe."

"Enock anaitaka leo."

Akachukua msumeno, akaikata ile ncha. Alikata taratibu, uso kaugeuzia ukutani, kama anayechinja mbuzi aliyemfuga mwenyewe. Giaboksi ikaingia. Enock akatoka nayo mpaka barabarani, honi juu, "Mama, inakwenda!" Watu wakampigia vigelegele. Fundi akasimama kando yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Asiipandishe mlima na mzigo. Shafti haina kinachoishika mbele, itavunjika."

Karasha liko juu mlimani, na gari lile halikununuliwa kwa kazi nyingine.