Lenzi ya Mwalimu Okedi

Siku Mwalimu Okedi alipotolewa darasani, ofisi ya hedimasta iliungua, na hakuna mtu aliyewasha kiberiti.

Tulimwona kupitia dirisha. Polisi wawili, yeye katikati, chaki bado mkononi.

"Jana tuligombana, leo moto!" hedimasta alipayuka. "Mnataka ushahidi gani?"

Waligombana kweli. Kwa sababu ya lenzi.

Mwalimu, aliyetufundisha fizikia kidato cha tatu, alinunua sokoni Busia vioo vya saa za ukutani, vile vilivyobinuka. Unagundisha viwili kwa silikoni, unajaza maji katikati, unatia kwenye fremu ya mbao. Lakini kwanza upige hesabu: kioo kibinuke kiasi gani ili picha itue sentimita sitini nyuma yake?

Kundi letu tulipatia. Mwamba wa Tororo, ule mlima wa jiwe nje ya dirisha, ulitua kwenye karatasi, kichwa chini, na rangi zake zote.

"Eh! Mwamba umelewa!" Edeku wa kundi letu akapiga kelele.

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa kitambaa cheusi. "Annet, mkimaliza, funika. Jua si la kuchezea."

Hapo hedimasta akaingia. "Okedi, mtihani utauliza saa za ukutani? Hii nachukua."

Kesho yake, moto.

Jioni tulitumwa kufagia majivu. Mafaili yote yalikwisha. Meza ya mvule ilibaki, ina tundu moja jeusi la duara. Dirishani, fremu yetu, kioo kimepasuka.

Nikatoa rula. Kutoka kwenye fremu hadi tunduni: sentimita sitini.

"Unapima nini, wewe?" Hedimasta alikuwa mlangoni.

"Hakuna, sir."

"Fomu yako ya mtihani nasaini mimi. Umesikia?"

Nilisikia. Nikanyamaza.

Polisi walimwachia Mwalimu kwa kukosa ushahidi. Shule ikamfukuza. Nani mwingine angempa darasa mchoma ofisi? Akaenda Malaba, mpakani, kupanga foleni ya malori. Mwezi wa tatu mwaka huu, lori lilirudi nyuma likambana, akafa.

Mazishini hedimasta alishika kipaza sauti. "Marehemu alikuwa na makosa yake. Tumsamehe."

Tumsamehe!

Nikasimama.

"Sir, lenzi ile nani aliiweka dirishani?"

Nikajijibu mwenyewe.

"Mimi. Ulinibebesha mimi. Nikaifunika, ukasema, 'Toa hiyo nguo, nani anafunika pambo?' Nikatoa. Asubuhi jua likapita kwenye lenzi, likachoma mafaili mezani."

Hedimasta akaangalia viatu vyake. Watu wakaanza kunguruma.

Mama yake Mwalimu hakumtazama hedimasta. Alinitazama mimi.

"Mwanangu," akauliza polepole, "ulijua miaka yote hii minne?"

Hasira niliyokuja nayo kwa mtu mmoja ikageuka ikanirudia.

Wewe unayesoma, kama unajua jambo la kumwokoa mtu, liseme leo. Dawa ukiipeleka kaburini, unamtibu nani?

Hedimasta bado anasaini fomu. Kidato cha tatu hakina mwalimu wa fizikia.