Ataweza Kutaja

Nilipoandika matokeo ya kujifunza ya somo langu la kilimo chuoni, niliweka: "Mwanafunzi ataweza kutaja magonjwa ya alizeti." Mwenzangu alitaka "kuyatambua shambani." Nikang'aka: nani atawapeleka wote hao shambani? Kutaja kunasahihishwa mezani, kwisha.

Juzi nilikuwa Ikungi kwa shangazi. Alizeti zake zilikuwa zinanyauka, akamwita bibi shamba wa kata. Kumbe ni mwanafunzi wangu. "Shikamoo, mwalimu!" Akayataja magonjwa yote, kwa mpangilio uleule wa noti zangu.

"Sawa, mwanangu," shangazi akasema, akimpa jani lenye madoa. "Sasa hapa ni ugonjwa gani?"

Binti akanigeukia. Nikainama kufunga kamba za viatu. Zilikuwa zimefungwa.