Walioondoka kwa Karatasi

Naeleza haya kwa sababu waliotakiwa kuyaeleza wamejitia hamnazo, na mimi kunyamaza kumenichosha. Mimi ni karani wa ofisi ya utumishi katika hospitali ya umma yenye watumishi mia nne na kitu. Ninayetaka kumzungumzia ni mtu tuliyemwita Mjomba. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Jina alipewa na wauguzi, kwa sababu ukisahau neno lako la siri la kompyuta ulimwendea yeye, na hakuwahi kukukaripia hata ukisahau mara tatu kwa wiki. "Hata mimi nasahau, mwanangu," alikuwa akisema. Uongo mtupu. Mtu yule hakuwahi kusahau chochote.

Kazi yake ilikuwa seva ya majina. Kwa asiyejua: ukiwasha kompyuta yoyote pale hospitali inakuuliza wewe ni nani, halafu inakwenda kuiuliza seva hiyo kama jina lako limo. Likiwemo, unafungua majibu ya maabara, picha za mifupa, orodha ya dawa za mgonjwa. Lisipokuwemo, unabaki unakitazama kioo. Mjomba aliitunza seva hiyo miaka kumi na saba, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, chenye feni moja, chupa ya chai, na kiti alichokifunga mguu kwa waya. Akiajiriwa mtu, anamwingiza. Akiondoka mtu, anamtoa. Kwa mkono wake, mmoja mmoja.

Na miaka yote hiyo kumi na saba alikuwa mtu wa mkataba. Sisi wa ajira ya kudumu tunavaa kadi ya bluu shingoni, wao wanavaa ya njano, na mkataba wao unakufa kila tarehe thelathini ya mwezi wa sita. Miaka kumi na saba mtu anashika mlango wa hospitali nzima, na kila mwaka anasubiri kuambiwa kama bado anahitajika. Mama mkwe wake alikuwa akimwita "mkwe wa mkataba". Kila mwezi wa saba anampigia simu: "Wamekuongeza, au nije nimchukue mwanangu?" Ulikuwa utani, na Mjomba alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Mkewe, fundi wa kushona, alimshonea shati jeupe la kupigia picha ya kadi ya bluu. Shati lilikaa kabatini mpaka kola ikaanza kugeuka rangi.

Mwaka jana jambo likawa la kufa na kupona. Kanuni inasema aliyetimiza miaka arobaini na mitano hapewi tena ajira ya kudumu, na Mjomba alikuwa anaitimiza mwezi wa nane. Ndipo bosi wake, Mkuu wa Mitambo, alipomwita na kumwambia, nami nikiwa nimesimama hapohapo na mafaili yangu:

"Mjomba, tunaleta kiunganishi. Kikikaa sawa, barua yako ya kudumu ninayo mezani. Naisaini mimi, anaisaini Mkurugenzi, basi."

Kiunganishi ni programu inayokaa katikati. Upande mmoja iko programu yangu ya utumishi, upande wa pili seva ya Mjomba. Nikiandika kwangu kwamba fulani kaajiriwa, kiunganishi kinasoma na kumwingiza kwenye seva chenyewe. Nikiandika kaondoka, kinamfuta. Kinafanya hivyo mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Si kitu kibaya hata kidogo. Mjomba mwenyewe alikuwa amekiomba miaka sita, wakamwambia hakuna haraka. Kilipoletwa, kililetwa na kampuni ya nje, na aliyekisimamia ni bwana mmoja mwenye kompyuta nyembamba na viatu visivyojua vumbi, tukimwita Mtaalamu. Hakutukatalia jina hilo.

Sasa sikiliza jambo ambalo Mtaalamu hakulijua, na alipoambiwa hakutaka kulijua. Programu yangu haipokei mkataba mpya kama wa zamani bado uko wazi. Kwa hiyo kila tarehe thelathini ya mwezi wa sita mimi huwafunga watu wote wa mkataba, huandika "kaondoka" kwa kila mmoja, kisha nasubiri barua mpya kutoka kwa Mkurugenzi. Barua hizo hazijawahi kufika kabla ya siku nane, tisa. Siku zote hizo theluthi ya hospitali inakuwa imeondoka kwenye programu, na huku iko wodini inachoma sindano. Tunajua wote. Hakuna aliyeona ni ajabu. Ndiyo maana kila nilipoandika mtu kaondoka, mwezi wowote ule, Mjomba alinipigia simu kabla ya kugusa jina lake.

"Dada, huyu kaondoka kweli, au kaondoka kwa karatasi?"

Miaka kumi na saba, swali moja. Nikisema "kwa karatasi", anaacha jina lilivyo na kukata simu. Nikisema "kweli", anauliza kama amerudisha funguo, ndipo anamtoa.

Kiunganishi hakipigi simu. Mjomba aliliona hilo siku ya kwanza, mwezi wa tano, akaandika ukurasa mmoja, kwa ule mwandiko wake wa kupangilia kama mwalimu. Aliomba mambo matatu. Kijaribiwe kwanza kwenye nakala ya seva, si kwenye seva yenyewe. Kisifute jina, kilifunge tu. Na kikiona watu zaidi ya kumi wameondoka kwa mpigo, kisimame kimuulize binadamu. Akaniletea niusaini kama shahidi, maana utaratibu wa kufunga mikataba ni wa kwetu utumishi.

Sikusaini. Nilimwambia, "Mjomba, mimi mdogo, hayo ni ya wakubwa." Nilikuwa nimemwona Mkuu anavyonuna mtu akimwongelea vibaya Mtaalamu, na mimi nilikuwa nangoja kupandishwa cheo. Mjomba akasema, "Haya dada, si neno," akaukunja ukurasa wake vizuri, akaupeleka peke yake. Yeye aliyekuwa na cha kupoteza alisema. Mimi mwenye kadi ya bluu nikarudi kwenye mafaili yangu.

Mtaalamu aliusoma akiwa amesimama. "Mashine ikianza kuuliza watu," alisema, "basi hatujafanya kitu." Mkuu akacheka, akauweka ule ukurasa chini ya simu ya mezani, na hapo ukakaa. Halafu wakatangaza kwamba kiunganishi kitawashwa tarehe mosi ya mwezi wa saba, kwa sababu Mkurugenzi anapenda mambo mapya yaanze na mwaka mpya wa serikali. Katika siku zote mia tatu na sitini na tano wakaichagua hiyo. Nilikwenda kwa Mkuu mwenyewe nikamuuliza, nifunge mikataba au nisubiri? Akanijibu bila kuinua macho, "Funga kama kawaida. Mtaalamu amesema programu inazijua hizo siku za katikati."

Nikafunga. Tarehe thelathini, saa tisa alasiri, watu mia moja arobaini na watatu. Mjomba alikuwa humo. Nilifika kwenye jina lake nikabonyeza kama nilivyowabonyeza wenzake.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulilisikia la Mkuu, na guu likavunjika vilevile.

Asubuhi saa moja nilikuta foleni mlangoni kwangu. Mbele alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, bado ana glavu mkono mmoja. "Dada," aliniambia taratibu, "nimefukuzwa lini? Maana kompyuta inasema sipo." Nyuma yake mfamasia, nyuma ya mfamasia vijana wawili wa maabara. Kule kwenye mifupa, binti aliyevunjika mkono alikuwa ameandaliwa kuingia chumba cha upasuaji, na daktari hawezi kufungua picha yake, kwa sababu mpiga picha ni wa mkataba na daktari mwenyewe ni wa mkataba. Wakamrudisha wodini na njaa yake. Mama mmoja mzee alitumwa maabara na kurudishwa mara tatu ameshika kichupa chake cha mkojo. Mara ya tatu akakiweka juu ya meza ya mapokezi, akasema atakayekihitaji atakifuata hapo.

Nilikimbilia stoo ya magodoro. Mjomba alikuwa amekaa, kioo mbele yake kimeandika kwamba mtumiaji huyu hayupo. Alikuwa ameandika jina lake mara mbili kuhakikisha.

"Hata mimi, dada," alisema.

Ningependa kusema alinilaumu. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Akanyanyuka kwenda kwa Mkuu. Mkuu na Mtaalamu walikuwa wamesimama, kila mmoja na simu sikioni, na nadhani kila mmoja alikuwa anamsema mwenzake. Mjomba akamwomba Mkuu afungue sefu. Ndani yake ilikuwamo bahasha aliyoifunga mwenyewe kwa gundi miaka minne nyuma, na humo jina moja la dharura na neno lake la siri, kwa ajili ya siku ambayo hakuna mwingine anayeweza kuingia. Wakati ule walimcheka kwa bahasha hiyo. Akaingia kwa jina hilo, akakizima kiunganishi, akarudisha majina kutoka kwenye nakala aliyoichukua jana yake jioni bila kutumwa na mtu. Hakuyarudisha kwa kufumba na kufumbua. Aliyapitia moja moja, mimi nikiwa pembeni namsomea. Huyu yupo. Huyu yupo. Huyu kaacha kazi jana, muache. Saa saba mchana alibaki mmoja, naye akajirudisha wa mwisho. Kisha, kabla ya kukiwasha tena kiunganishi, akayatia yale mambo yake mawili yaliyobaki: kifunge, kisifute, na wakizidi kumi, kiulize. Ilimchukua dakika ishirini. Dakika ishirini, jamani, ndizo walizomnyima miezi miwili.

Ungedhani sasa watamshukuru. Shukrani ya punda ni mateke. Ripoti ya tukio ilitoka baada ya siku sita, kurasa nne, na ukurasa wa tatu uliandika kwamba chanzo ni "mwendeshaji wa seva kutohakikisha usahihi wa majina kabla ya uzinduzi". Mwendeshaji wa seva ni mmoja tu. Saini chini: Mkuu wa Mitambo. Jina la Mtaalamu lilikuwa kwenye ukurasa wa shukrani.

Nilipoisoma, niliinuka hapohapo. Sikubisha hodi. Niliingia kwa Mkuu, nikainua simu yake, nikauchomoa ule ukurasa wa Mjomba, una duara la kikombe cha chai katikati. Nikachukua kalamu yake, nikausaini mbele yake.

"Sahihi ya nini sasa?" akaniuliza.

"Ya mwezi wa tano," nikamwambia. "Imechelewa, kama barua zenu."

Nikaupeleka kwa Mkurugenzi. Aliusoma wote, hilo siwezi kumnyima. Akavua miwani, akasema, "Dada yangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hiyo wanaipenda sana watu ambao yaliyopita hayakuwauma wao. Nikamwambia yajayo ni mwezi wa nane, na yana umri wa miaka arobaini na mitano. Akasema atalitazama.

Barua zilifika tarehe tisa. Nilizipekua zote kabla ya kuzigawa. Ya Mjomba ilikuwamo. Mkataba, mwaka mmoja.

Alikuja kuichukua saa kumi jioni. Aliisoma, akaigeuza nyuma, akaona hakuna kitu, akaikunja kwa yale makunjo yake mazuri. Nikamwambia nimeshamwingiza upya pamoja na wenzake, abaki nipige kelele zaidi, niende hata wizarani.

"Umeshapiga, dada. Nimesikia." Akavua kadi ya njano shingoni, akaiweka mezani kwangu. Juu yake akaweka funguo za stoo. "Chuo cha ufundi kiliniita mara mbili, nikakataa kwa ajili ya kadi ya bluu. Wanataka mtu wa kufundisha haya mambo. Wamesema ajira yao haina rangi."

"Kwa hiyo niandike nini?"

"Unaandika nini siku zote? Andika kaondoka."

Niliandika. Mara hii sikubonyeza kama nilivyowabonyeza wenzake, nilikaa na kidole juu ya kitufe mpaka yeye mwenyewe akanambia, "Bonyeza, dada, nikawahi basi." Saa kumi na mbili jioni kiunganishi kikasoma, kikaona mtu mmoja. Mmoja ni chini ya kumi, kwa hiyo hakikuuliza. Kikamfunga. Wanasema chuoni alipigwa picha ya kadi na lile shati jeupe, na kola yake iliyogeuka rangi.

Kesho yake saa mbili asubuhi simu yangu ikalia. Alikuwa Mkuu, sauti imeshuka. Seva inamuuliza jambo asilolijua, na jina la Mjomba halifunguki.

"Dada," akasema, "huyu kaondoka kweli, au kaondoka kwa karatasi?"

Nikazitazama zile funguo mezani.

"Kweli," nikamwambia. "Na funguo amerudisha."